Kosa peke yake halitoshi: jinsi uzembe unavyothibitishwa katika sheria ya Uingereza

Alfajiri ya tarehe 1 Januari 1966, walinzi watatu wa usiku wa chuo kimoja jijini London walikunywa chai, na muda mfupi baadaye wakaanza kutapika. Walivumilia kwa saa kadhaa, kisha wakajikokota hadi idara ya dharura ya hospitali ya jirani. Muuguzi aliyewapokea alimpigia simu daktari wa zamu. Daktari, ambaye mwenyewe hakuwa akijisikia vizuri, hakushuka kuwaona. Alimwagiza muuguzi awaambie warudi nyumbani, walale, kisha wawaite madaktari wao wenyewe. Wakatii. Mchana huohuo mmoja wao akafariki dunia. Uchunguzi ulionyesha kwamba alikuwa amekunywa sumu ya aseniki.

Mjane wake aliishitaki hospitali. Jaji alikubali kwamba hospitali ilikuwa na wajibu kwa wagonjwa waliofika kwenye idara yake ya dharura. Akakubali pia kwamba daktari alikosea kutowaona. Hata hivyo mjane alishindwa, wala hakulipwa senti moja. Ushahidi wa kitabibu ulionyesha kwamba hata daktari angeshuka mbio, akampima na kumlaza wodini, dawa ya kuzimua sumu ile isingeweza kumfikia kwa wakati. Angekufa vilevile.

Watu wengi wakisimuliwa shauri hili, linalojulikana kwa jina la Barnett, huona kwamba mama wa watu ameonewa. Ni hisia ya haki kabisa. Lakini ndani yake mna jambo ambalo usipolielewa hutaelewa chochote katika eneo hili la sheria: kuthibitisha kwamba mtu fulani alifanya uzembe ni sehemu tu ya kazi, na mara nyingi si sehemu ngumu. Mdai lazima aonyeshe kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwake, kwamba aliukiuka wajibu huo, kwamba yeye mdai amepata madhara yanayotambuliwa na sheria, kwamba madhara hayo yalisababishwa na ukiukaji huo na si jambo lingine, na kwamba si madhara ya mbali mno ambayo hakuna aliyeweza kuyatarajia. Likikosekana moja, shauri limeanguka, hata yale mengine yawe wazi kama mchana.

Haya si mambo ya Wazungu peke yao. Sheria ya kawaida ya Uingereza, ile iliyojengwa na majaji hukumu baada ya hukumu, ililetwa kwetu na ukoloni na ikabaki: Kenya iliipokea kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Hukumu za Uingereza za baada ya tarehe hizo hazizifungi mahakama zetu, ila zina nguvu ya kushawishi, na mawakili wetu huzitaja kila kukicha. Mashauri ninayoyaeleza hapa mwanafunzi wa sheria wa Dar es Salaam au Nairobi hukutana nayo mwaka wake wa kwanza.

Na jirani yangu ni nani?

Tuanze na wajibu. Zamani, mtu aliyedhuriwa na bidhaa mbovu alikuwa na njia nyembamba ya kupata haki. Ukinunua mwenyewe, una mkataba na muuzaji, unaweza kumbana. Usiponunua wewe, kwa kawaida ulikuwa huna wa kumshika.

Jioni ya Jumapili tarehe 26 Agosti 1928, May Donoghue aliingia na rafiki yake katika mkahawa mmoja mjini Paisley, Scotland. Rafiki ndiye aliyeagiza na kulipa: aiskrimu na soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa ya kioo cha rangi ya kahawia kisichoonyesha kilichomo ndani. Mwenye mkahawa alimimina kiasi juu ya aiskrimu, Donoghue akanywa. Rafiki yake alipomimina iliyobaki, kwa mujibu wa madai yaliyofikishwa mahakamani, akaelea konokono aliyeoza. Donoghue alisema aliugua tumbo na kupatwa na mshtuko. Hakuwa na mkataba na mkahawa kwa sababu hakununua kitu. Hakuwa na mkataba na David Stevenson, mtengenezaji wa soda, kwa sababu hawakuwahi hata kukutana. Akaamua kumshitaki Stevenson hivyohivyo, akaruhusiwa kuendesha rufaa yake kama mtu fukara asiye na uwezo wa kulipa gharama.

Shauri lilifika Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya mwisho ya rufaa, na mwaka 1932 majaji 3 kati ya 5 wakaamua kwamba mtengenezaji ana wajibu kwa mnywaji wa mwisho. Lodi Atkin alikwenda mbali kuliko suala la soda. Alichukua amri ya kumpenda jirani na kuigeuza kuwa kanuni ya sheria: usimdhuru jirani yako. Kisha akauliza lile swali ambalo mwanasheria alimuuliza Yesu katika Injili ya Luka, jirani yangu ni nani? Jibu lake, kwa maneno yangu: ni kila mtu anayeguswa na tendo langu kwa karibu na moja kwa moja kiasi kwamba ninapotenda inanipasa nimfikirie. Scotland ina mfumo wake wa sheria, lakini pande zote zilikubaliana kwamba katika suala hili sheria za Scotland na England ni moja, na ndiyo maana soda ya Paisley ikawa msingi wa sheria ya England pia.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba hakuna mahakama iliyowahi kuamua kama konokono alikuwamo kweli. Malodi waliulizwa swali la sheria tu: ikiwa madai haya ni ya kweli, je, yanatosha? Baada ya hapo Stevenson alifariki na shauri likamalizwa kwa makubaliano.

Tangu hapo umezuka mkanganyiko mmoja ambao ningependa kuuondoa, kwa kuwa bado unafundishwa. Wengi huambiwa kwamba katika kila shauri mahakama hupima mambo matatu: kama madhara yalitabirika, kama kuna ukaribu kati ya pande mbili, na kama ni haki na busara kuweka wajibu. Hoja hiyo hutolewa katika hukumu ya Caparo ya mwaka 1990. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliusahihisha uelewa huo katika shauri la Robinson. Polisi walijaribu kumkamata mtu aliyeshukiwa kuuza dawa za kulevya katika mtaa wa Huddersfield wenye watu wengi. Purukushani ikamwangukia bibi mwenye umri wa miaka 76 aliyekuwa akipita zake. Polisi walijitetea kwamba haingekuwa haki kuwawekea wajibu wakiwa kazini. Mahakama ikasema hapana. Kwanza unaangalia kama hali iliyopo inaingia katika kundi ambalo sheria imekwisha kulitambua: dereva na watumiaji wa barabara, daktari na mgonjwa, mwajiri na mfanyakazi, mtu anayetenda jambo la hatari na anayeweza kuumizwa nalo. Ikiingia, wajibu upo, mjadala umekwisha. Hoja za haki na busara zinakuja pale tu suala linapokuwa jipya kabisa.

Katika maisha ya kawaida, basi, wajibu hauleti shida. Gari likikugonga, hakuna wakili atakayesimama kubisha kwamba dereva hakuwa na wajibu kwako. Shida inakuja pembeni, na hasa mahali pamoja: kutotenda. Sheria ya Uingereza inakutaka usimdhuru jirani, lakini kwa kawaida haikulazimishi kumwokoa. Mpita njia akimwona mtoto wa mtu anazama kwenye kidimbwi chenye kina kifupi na akaendelea na safari yake, dhamiri itamhukumu, ila shauri la uzembe dhidi yake halitasimama. Hali hubadilika ikiwa wewe ndiye uliyeileta hatari, au ulijitwisha jukumu la kumlinda mtu huyo, kama mwalimu kwa mwanafunzi. Kanuni hiyohiyo ilitumika mwaka 2015 katika shauri la Michael. Mwanamke alipiga simu polisi usiku akieleza kwamba anatishiwa kuuawa, simu yake ikapewa uzito mdogo kuliko iliyostahili, na polisi walipofika alikuwa ameshauawa. Majaji walio wengi walisema polisi hawakuwa na wajibu wa kuwa waangalifu kwake binafsi, maana aliyemdhuru ni mtu wa tatu. Mimi naona walio wachache walikuwa na hoja nzito: raia anayeambiwa apige namba ya dharura ana haki ya kuamini kwamba namba hiyo ina maana. Lakini sheria ndivyo ilivyo.

Hasara ya fedha tupu isiyotokana na kuumia mwili wala kuharibika kwa mali, na maumivu ya akili ya mtu aliyeshuhudia mwenzake akiumia, nayo yana milango yake myembamba. Hayo yanahitaji makala nzima peke yake.

Mtu wa kawaida mwenye busara

Wajibu ukishakuwepo, swali linalofuata ni kama mdaiwa aliukiuka. Hapa kipimo ni mtu wa kawaida mwenye busara: angefanya nini katika hali ile? Mahakama haiangalii mdaiwa alijitahidi kiasi gani moyoni mwake. Katika shauri la Nettleship la mwaka 1971, mama aliyekuwa akijifunza udereva aligonga nguzo ya taa, na rafiki wa familia aliyekuwa akimfundisha akavunjika goti. Mama alikuwa amejitahidi kadiri ya uwezo wake. Mahakama ya Rufaa ikasema anapimwa kwa kipimo cha dereva hodari, mwenye leseni na uzoefu. Inaonekana ni ukali, ila fikiria upande wa pili: anayegongwa barabarani haumii kidogo kwa sababu aliyemgonga ni mwanafunzi.

Mtu mwenye busara hazuii kila hatari. Anapima. Uwezekano wa ajali ni mkubwa kiasi gani, ikitokea itakuwa mbaya kiasi gani, na kuizuia kunagharimu nini? Mashauri mawili yaliyoripotiwa mwaka 1951 yanaonyesha mizani hii ikielemea huku na huku. La kwanza ni la Bolton: mpira wa kriketi ulipigwa ukavuka uzio ukampiga mwanamke aliyesimama nje ya nyumba yake. Katika miaka 30 hivi, mipira iliyowahi kutoka nje ya uwanja ilikuwa takriban 6, na hakuna aliyekuwa ameumia. Klabu ikashinda, kwa kuwa hatari ilikuwa ndogo mno. La pili ni la Paris, fundi wa karakana ya halmashauri ya Stepney aliyekuwa na jicho moja tu zima. Alikuwa akigonga bolti yenye kutu kwa nyundo, kipande cha chuma kikaruka kikaingia katika jicho lile zima, akawa kipofu. Halmashauri ilijitetea kwamba si desturi kuwapa mafundi wa kazi hiyo miwani ya kujikinga. Malodi wakasema huyu hakuwa fundi yeyote tu: waliojua kwamba ana jicho moja walipaswa kujua kwamba ajali ambayo kwa mwenzake ingemfanya chongo, kwake ni upofu. Miwani ingegharimu kidogo sana.

Kwa wataalamu kipimo ni mtaalamu mwenzao. Tangu hukumu ya Bolam ya mwaka 1957, daktari aliyefuata njia inayokubaliwa na kundi la madaktari wanaoaminika hana kosa, hata kama madaktari wengine wangefanya vingine. Baadaye Malodi waliongeza, katika shauri la Bolitho, kwamba maoni ya kundi hilo lazima yawe na mantiki. Haitoshi kuleta maprofesa wawili waseme ‘sisi pia tungefanya hivyo’. Kisha mwaka 2015 likaja shauri la Montgomery, ambalo kwa maoni yangu ndilo lililobadilisha zaidi uhusiano wa daktari na mgonjwa. Mama mjamzito mwenye kisukari hakuambiwa kwamba alikuwa na uwezekano wa asilimia 9 hadi 10 kwamba mabega ya mtoto yangekwama wakati wa kujifungua. Daktari alinyamaza kwa kuhofia kwamba angeomba upasuaji. Mabega yakakwama kweli, mtoto akapata ulemavu. Mahakama ya Juu ilisema kwamba suala la nini mgonjwa aambiwe halipimwi tena kwa desturi za madaktari, bali kwa kile ambacho mgonjwa mwenye busara katika hali ile angetaka kujua kabla ya kuamua juu ya mwili wake mwenyewe.

Sakafu yenye yogati

Haya yote mdai anapaswa kuyathibitisha, lakini si kwa kiwango cha kesi ya jinai. Hapa mizani ni ya uwezekano: mahakama ikiridhika kwamba jambo lina uwezekano zaidi ya asilimia 50 kuwa kweli, basi ni kweli. Ndiyo maana dereva anaweza kuachiwa huru katika kesi ya jinai na bado akashindwa katika shauri la fidia kwa ajali ileile. Na akipatikana na hatia ya jinai, sheria ya ushahidi ya mwaka 1968 inamruhusu mdai kuitumia hatia hiyo kama ushahidi. Ni juu ya dereva kuonyesha kwamba hakuwa na kosa.

Kwa mtu aliyeumia, kikwazo kikubwa ni kwamba ushahidi uko mikononi mwa mwenzake. Chukua shauri la Ward la mwaka 1976. Mama alikuwa akifanya ununuzi wake supamaketini mjini Liverpool, akakanyaga yogati iliyomwagika sakafuni, akateleza na kuanguka. Angejuaje yogati ile ilikuwa pale kwa muda gani? Kama ilimwagika sekunde kumi kabla, hakuna mwenye duka duniani angeweza kuiwahi. Kama ilikaa nusu saa, huo ni uzembe. Yeye hakujua. Alichoweza kusimulia ni kwamba wiki tatu hivi baadaye alirudi dukani humo akaona juisi ya chungwa imemwagika, na ikakaa kama robo saa bila mtu kuigusa. Duka lilieleza utaratibu wake wa kufagia mara kadhaa kwa siku, lakini halikuleta ushahidi kwamba siku ile, kabla ya ajali, sakafu ilipitiwa saa ngapi. Majaji walio wengi walisema kwamba vitu vikimwagika kwenye sakafu ya duka na mteja akaanguka, ni juu ya duka kueleza kwamba lilikuwa na utaratibu wa kutosha na kwamba uliufuata. Halikueleza, likashindwa.

Mzizi wa mawazo hayo ni wa zamani zaidi. Mwaka 1865 mahakama ilisikiliza shauri la ofisa wa forodha aliyeangukiwa na magunia ya sukari katika bandari ya London. Magunia hayaanguki yenyewe. Ikiwa kitu kilikuwa chini ya usimamizi wa mdaiwa na ajali ni ya aina ambayo kwa kawaida haitokei watu wakiwa waangalifu, ajali yenyewe inakuwa ushahidi hadi mdaiwa atoe maelezo.

Je, ingetokea vilevile?

Sasa tufike pale ninapoona kwamba mashauri mengi mazito hushindwa. Swali la msingi la sababu linasikika jepesi: kama mdaiwa asingekosea, je, mdai angedhurika vilevile? Jibu likiwa ndiyo, kosa la mdaiwa si sababu, na fidia hakuna. Mjane wa mlinzi alikwama hapo.

Ugumu unaanza pale sayansi inaposhindwa kutoa jibu la ndiyo au hapana. Mwaka 1977 mvulana wa miaka 13 alianguka kutoka juu ya mti akaumia nyonga. Hospitali haikugundua jeraha lenyewe mpaka siku 5 baadaye. Mfupa ukafa kwa kukosa damu, akabaki na ulemavu wa kudumu. Hospitali ilikiri uzembe. Lakini ushahidi ulionyesha kwamba hata angetibiwa siku ileile, kulikuwa na uwezekano wa asilimia 75 kwamba mishipa iliyokatika kwenye anguko ingemletea ulemavu uleule. Jaji wa kwanza alimpa robo ya fidia, kwa hoja kwamba hospitali ilimnyang’anya nafasi ya asilimia 25 ya kupona. Mwaka 1987 Malodi waliifuta hukumu hiyo. Walisema kilichotokea zamani ama kilitokea ama hakikutokea, na mahakama huamua kwa mizani ya uwezekano: kwa asilimia 75 anguko ndilo lililomlemaza, kwa hiyo mahakama inachukulia kuwa ni hakika kwamba anguko ndilo sababu. Mvulana hakupata chochote kwa ulemavu huo.

Tazama matokeo yake. Mgonjwa aliyepokonywa nafasi ya asilimia 51 hulipwa fidia yote, kana kwamba angepona kwa hakika. Aliyepokonywa asilimia 49 hapati kitu. Mwaka 2005 Malodi waliombwa tena, katika shauri la mgonjwa wa saratani aliyecheleweshewa uchunguzi, watambue kupotea kwa nafasi ya kupona kama madhara yenyewe. Wakakataa, kwa wingi wa 3 kwa 2. Naielewa hofu yao, maana kila shauri la hospitali lingegeuka hesabu za asilimia. Lakini sioni haki katika sheria inayomwambia mgonjwa kwamba nafasi yake moja kati ya nne haikuwa na thamani yoyote, wakati mtu yeyote aliye hospitalini na mzazi wake angetoa kila alichonacho kwa ajili ya nafasi hiyohiyo.

Mara moja tu sheria ililegeza kamba kwa kiasi kikubwa, na ilikuwa kwa ajili ya wafanyakazi waliovuta vumbi la asbesto. Vumbi hilo husababisha mesotelioma, saratani inayoshambulia utando unaozunguka mapafu. Hujificha kwa miongo kadhaa, na ikijitokeza huua. Wafanyakazi walikuwa wamepitia kwa waajiri wengi, wote wazembe, wote wakiwaacha katika vumbi. Kila mwajiri alisimama mahakamani na kusema: thibitisha kwamba nyuzi zilizokuua zilitoka kwangu na si kwa yule. Hakuna daktari aliyeweza. Kwa kanuni ya kawaida, kadiri waajiri wazembe walivyokuwa wengi, ndivyo wote walivyokuwa salama. Katika shauri la Fairchild la mwaka 2002, Malodi walikataa kuifuata kanuni hadi kwenye matokeo hayo. Walisema inatosha kuonyesha kwamba mwajiri aliongeza hatari ya ugonjwa kwa kiasi cha kuonekana. Mwezi Mei 2006 wakaamua kwamba kila mwajiri alipe fungu lake tu, jambo lililowaumiza wajane ambao baadhi ya waajiri wa waume zao walikuwa wamefilisika. Bunge halikungoja: mwezi Julai mwaka huohuo lilipitisha sheria inayomruhusu mgonjwa wa mesotelioma kudai fidia yote kutoka kwa mwajiri yeyote mmoja, kisha waajiri wagawane mzigo wenyewe. Majaji wameulinda mlango huu wasiufungue zaidi, na mgonjwa wa kawaida wa hospitali hawezi kuupitia.

Sababu ikishathibitishwa, linabaki suala la umbali. Mwaka 1951 meli moja ilimwaga mafuta katika bandari ya Sydney; yakaelea hadi kwenye gati ambako mafundi walikuwa wakichomelea vyuma, na siku mbili baadaye yakashika moto. Rufaa ilipelekwa London, na mwaka 1961 ikaamuliwa kwamba mdaiwa hulipia aina ya madhara ambayo mtu mwenye busara angeweza kuyatarajia, si kila kilichofuata. Kwa ushahidi uliokuwepo, moto kutokana na mafuta yale juu ya maji haukutarajiwa. Lakini aina ikitarajiwa, ukubwa wake si hoja. Mfanyakazi aliyerukiwa na chuma kilichoyeyuka kwenye mdomo alipata kidonda kidogo. Kidonda kikaamsha saratani, naye akafa. Mwajiri alilipia kifo, kwa sababu kuungua kulitarajiwa, na unamchukua uliyemdhuru jinsi alivyo, na udhaifu wake wote.

Kabla kalenda haijakufungia mlango

Hata aliyeshinda hoja zote anaweza kupunguziwa fidia kwa kosa lake mwenyewe. Kabla ya sheria ya mwaka 1945, mdai aliyechangia ajali kwa uzembe wake angeweza kupoteza kila kitu. Sasa mahakama hugawa. Mfano unaotumika kila siku ni wa abiria asiyefunga mkanda, uliowekwa na Mahakama ya Rufaa katika hukumu ya Froom: kama mkanda ungezuia majeraha yote, fidia hupungua kwa asilimia 25, kama ungeyapunguza kwa kiasi kikubwa, asilimia 15, kama usingesaidia, haipungui. Mwenye fidia ya pauni 100,000 ataondoka na 75,000 kwa sababu ya mkanda ambao haukumgharimu kitu kuufunga.

Na kuna muda. Kwa majeraha ya mwili, sheria ya ukomo ya mwaka 1980 inatoa miaka 3 tangu siku ya tukio au siku ambayo aliyeumia alijua, au alipaswa kujua, kwamba ameumia vibaya na nani anahusika. Kwa mtoto, hesabu inaanza akifikisha miaka 18. Jaji ana uwezo wa kuuondoa ukomo huo ikiwa ni haki kufanya hivyo, na namna uwezo huo unavyotumika imewagusa Wakenya moja kwa moja. Wazee walioteswa katika kambi za kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau walifungua shauri London dhidi ya serikali ya Uingereza, na uzembe ulikuwa moja ya misingi ya madai yao: kwamba serikali ilikuwa na wajibu wa kuzuia mateso iliyoyajua, na haikuyazuia. Miaka zaidi ya 50 ilikuwa imepita. Mwezi Oktoba 2012 jaji wa Mahakama Kuu aliwaruhusu wadai watatu kuendelea, kwa kuwa kulikuwa na nyaraka nyingi za serikali, zikiwamo zilizokuwa zimefichwa kwa miongo, na baadhi ya mashahidi walikuwa bado hai. Mwezi Juni 2013 serikali ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228.

Kundi jingine la Wakenya zaidi ya 40,000 lilifungua shauri lake, linalojulikana kama Kimathi. Jaji mwingine, mwaka 2018, alisikiliza madai ya waliochaguliwa kuwa mfano, akaona kwamba kumbukumbu zilikuwa zimefifia mno na mashahidi wa upande wa pili wengi wamekwisha kufa, hivyo shauri la haki halingewezekana tena. Akakataa kuuondoa ukomo, na kundi zima likatoka mikono mitupu.